Kielelezo Namba Tatu

Nagonga mashtaka kwa vidole viwili.
Ukungu wa Newala umeingia dirishani, umelala juu ya faili.
"Kwamba wewe, Dadi Mchilima, mkazi wa Masasi,
kwa makusudi na kwa nia ya kulaghai,
ulijipatia namba za vocha ishirini na mbili,
mali ya Somoe binti Nang'ede, mkulima."
Sheria inapenda nia.
Inaipekua kama kuku apekuavyo majani.
Kifungu kina namba yake, namba ina miaka yake,
na faini ina sifuri nyingi; kitufe changu cha sifuri kimefutika wino.

Vocha zenyewe zimo kwenye mfuko wa nailoni.
Zimekwanguliwa kwa sarafu ya mia.
Unga wa rangi ya fedha umejikusanya pembeni mwa mfuko,
kama salfa kwenye kola ya mpulizaji.
Kila moja elfu tano.
Piga mwenyewe hesabu, halafu pima kwa kilo za korosho,
halafu kwa mgongo wa mwanamke ulioinama toka Oktoba.

Malipo ya mnada yalikuwa yameingia siku mbili tu.
Simu ikalia. Sauti ya kistaarabu, imejaa "mama":
mama umeshinda pikipiki, mama usimwambie mtu,
mama nunua vocha ukomboe zawadi yako,
kwangua, nisomee.

Wakili ametoka Mtwara mjini na tai ya buluu.
"Mheshimiwa, karatasi zote hizi hapa.
Hata moja haikutoka nyumbani kwa mlalamikaji.
Mteja wangu hakumwona, hakumgusa, hakuvunja kitasa.
Alisikia namba. Tangu lini namba zikaibwa?"
Nyuma, kwenye mabenchi, wazee wawili wakatikisa vichwa;
kusema kweli, hata mimi kidole kilisita.
Hakimu akavua miwani.
"Wakili, ukibangua korosho ukaniachia ganda,
utasema hukuchukua kitu?"
Hilo sikuliandika. Halikuwa swali la kumbukumbu.
Niliandika: Pingamizi limetupwa.

Kisha akaitwa shahidi wa pili.
Shazili, miaka kumi na moja, darasa la tano,
shati la shule, kifungo cha juu kimefungwa kwa uzi mwekundu.
Mtoto haapi. Aliahidi kusema kweli na si uongo,
nami nikaandika hivyo, kama sheria itakavyo.
"Bibi haoni vizuri," akasema. "Mimi ndiye niliyesoma."
Alisoma zote ishirini na mbili, tarakimu nne nne,
bila kukosea, kama alivyofundishwa,
na yule mtu simuni akamsifu:
"Kijana, una akili sana."
Usiku ule alilala na sifa hiyo kama embe chini ya mto.

Mwendesha mashtaka akamkabidhi Kielelezo Namba Tatu.
"Isomee mahakama vocha ya kwanza, tulinganishe."
Shazili akaishika kwa ncha za vidole.
Akasoma nne za mwanzo. Akasoma nne za pili.
Akamtazama Dadi kizimbani,
aliyekuwa anatazama viatu vyake, vipya,
na midomo yake inakwenda, inahesabu pamoja na mtoto.
Akasoma tatu.
Ya mwisho hakuisoma.
"Endelea," akasema hakimu, taratibu.
Bibi Somoe akasimama bila kuruhusiwa:
"Soma, mjukuu wangu, humo hamna kitu tena."
Hakusoma.

Nimeitafuta sheria ile kifungu kwa kifungu, mchana, ofisi tupu.
Ipo ya mlaghai, ipo ya mwenye laini ya jina la marehemu,
ipo hata ya anayejaribu akashindwa.
Ya mtoto aliyeazimwa ulimi sijaiona.

Dadi alipata miaka yake, na amri ya kurudisha fedha.
Wanasema Shazili siku hizi darasani akiitwa ubaoni
anaandika jibu, sahihi,
na analiziba kwa kiganja.

Kwenye mwenendo wa kesi, ukurasa wa tisa,
utakuta mstari wangu mmoja:
Shahidi alinyamaza.